Nishani Nne na Utepe Mmoja: Kisa cha Askari wa Keya Kutoka Tanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha familia moja ya Ngamiani, Tanga, na babu yao aliyekuwa askari wa kawaida katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Familia imeniruhusu niandike kwa masharti: nisitaje jina, kabila, barabara wanayokaa wala namba ya jeshi ya marehemu. Nimeyashika yote.

Nilifundisha historia sekondari miaka mingi, na tangu nistaafu watu huniletea karatasi za wazee wao: stakabadhi za kodi ya kichwa, vyeti vya ubatizo, hati za mashamba. Nishani huja mara chache. Naandika kwa ajili ya walimu, vijana wanaofanya kazi makumbusho, na yeyote mwenye mkebe wa namna hii kabatini, kwa sababu katika kisa hiki nilifanya kosa kubwa, nalo ni kosa ambalo mtu mwingine anaweza kulifanya kesho.

Usuli

Marehemu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kijiji kimoja cha ndani huko bara ya Tanga. Vita vya Hitla vilipoanza alikuwa kijana wa kuchunga na kulima. Mwaka 1942 Wajapani walishika Ufilipino na visiwa vya Waholanzi huko Asia, na mkonge wa huko ukawa haufiki tena Uingereza. Tangu hapo mkonge wa Tanga, Muheza na Korogwe ulikuwa mali ya vita sawasawa na risasi. Serikali ya kikoloni ikaandikisha watu kwa lazima, wengine jeshini, wengine mashambani. Waliovaa sare kutoka Tanganyika nzima walizidi 80,000.

Kijana wetu aliingia jeshini. Bintiye, ambaye leo ni shangazi mkubwa wa familia na amevuka miaka themanini, anakumbuka alivyokuwa akieleza uamuzi ule: "Mkonge unachoma kila siku. Risasi inachoma mara moja."

Alifariki miaka ya 1980. Hakuacha shajara wala picha ya sare. Aliacha mkebe wa maziwa ya unga wenye nishani nne, kipande cha utepe kisicho na nishani, na cheti cha kuachishwa jeshi ambacho mchwa walikuwa wamekila robo tatu.

Picha za usiku

Jumatano moja, saa tatu usiku, mjukuu wa marehemu alinitumia picha nne kwa WhatsApp. Kijana huyu ni fundi simu, ana adabu na haraka. Aliniambia hitma ya babu ni Jumamosi, kwamba familia nzima inakuja, na wangependa siku hiyo watu waelezwe babu yao alikuwa nani. Pia alisema, kama jambo la pembeni tu, kwamba kuna mtu mjini anawashughulikia "madai ya Malkia" na wameshampa shilingi 350,000 za kufungua faili.

Kila picha ilionyesha upande mmoja. Mbili zilikuwa nyota za pembe sita, rangi ya shaba, zenye taji katikati. Moja iliandikwa kwa Kiingereza Nyota ya 1939–1945, ya pili Nyota ya Burma. Ya tatu ilikuwa ya mviringo, simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945. Hiyo ni Nishani ya Vita, aliyopewa karibu kila mtu aliyetumikia upande wa Waingereza siku 28 au zaidi. Ya nne ilikuwa ya mviringo pia, ya fedha: mwanamke amesimama ameshika tawi na mkuki wa meno matatu, simba pembeni yake, na neno AFRICA.

Nilijibu ndani ya dakika tano. Nikaandika kwamba babu yake alipigana Burma, na kwamba ile yenye neno AFRICA bila shaka ni ya vita dhidi ya Waitaliano kule Abyssinia, Ethiopia ya leo, mwaka 1941, ambako kikosi cha 6 cha Tanganyika kilipigana hadi Kolito. Kambi ya Lugalo pale Dar es Salaam iliitwa Colito kwa sababu ya vita hivyo.

Habari za Kolito ni za kweli. Nilichokosea ni kuifunga nishani ile na Kolito. Nilijua fika kwamba nishani ya Afrika ya vita vile ni nyota, haina umbo la sarafu. Usiku ule sikujiuliza. Nilifurahi, na furaha ikaandika kabla ya akili.

Siku ya hitma

Jumamosi nilifika baada ya adhuhuri. Turubai limefungwa nje, sufuria za pilau zinatoka uani, na juu ya mlango kuna bango jipya la plastiki lenye maneno makubwa: SHUJAA WA ABYSSINIA NA BURMA. Chini yake, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba maelezo ni kwa hisani ya mwalimu fulani. Mwalimu huyo ni mimi.

Baada ya dua na chakula, shangazi alituita chumbani, mimi na mjukuu. Akafungua mkebe, akaniwekea nishani moja moja kiganjani. Ya nne nikaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na kichwa cha mwanamke kijana aliyevaa taji.

George wa Sita alikuwa mfalme wa Waingereza tangu 1936 hadi alipofariki Februari 1952. Nishani zote za Vita vya Pili zina alama yake, ama kichwa ama herufi za jina lake. Mwanamke mwenye taji ni Elizabeth wa Pili. Nishani yenye kichwa chake haiwezi kuwa ya vita vilivyokwisha 1945.

Nilikaa nayo mkononi huku nikisikia watoto nje wakisoma bango kwa sauti. Nikaamua kutosema siku ile. Nilikuwa na hakika kwamba nimekosea, lakini sikuwa na hakika ukweli ni upi, na kusahihisha kosa kwa kukisia tena mbele ya watu mia mbili kungekuwa kosa la pili. Nikamwomba shangazi ruhusa ya kurudi Jumatatu, nikamwomba pia asiruhusu mtu kuzisugua tena zile nishani. Zilikuwa zinang'aa mno. Mjukuu akakiri kwamba Alhamisi alizisugua kwa majivu na limau ili zipendeze.

Mezani, Jumatatu

Tulikaa kwenye meza ya kulia iliyosogezwa dirishani: shangazi, mjukuu na mimi.

Nishani ya fedha ilikuwa imeshonewa kitambaa cheusi cha mahameli, kazi ya mkono ya mke wa marehemu miaka mingi iliyopita, wakati utepe wa asili ulipochakaa. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara mbili na kufunika sehemu yote ya juu, pale nishani inaponing'inia. Nilipopapasa nikahisi kitu kigumu ndani yake. Nikaomba wembe. Shangazi akasema, "Mshono huo ni wa mama, mwanangu. Kata uzi, usikate kitambaa." Nikakata uzi mmoja mmoja, kama mishono kumi na miwili hivi, huku mjukuu akimulika kwa simu. Kitambaa kilipofunguka tukaona kipande chembamba cha fedha, urefu wa kidole gumba, kimekaa juu ya nishani. Kwa kuwa kilikuwa kimefunikwa, majivu na limau havikukifikia; kilikuwa cheusi kwa kutu ya fedha. Juu yake kuna herufi tano: KENYA.

Nyuma yake zilibaki nyuzi chache za utepe wa zamani, za manjano, na ukingoni nyeusi.

Hapo nikaijua. Ni Nishani ya Utumishi wa Jumla wa Afrika, na kipande chenye neno KENYA walipewa waliotumikia siku 91 au zaidi katika operesheni dhidi ya Mau Mau kati ya tarehe 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956. Vikosi vya Keya vya Tanganyika, cha 6 na cha 26, vilipelekwa huko.

Kilichobaki kilikuwa kujua kama ni yake kweli. Nyota za Waingereza za Vita vya Pili hazikuchongwa majina, kwa hiyo ukiokota Nyota ya Burma barabarani huwezi kuijua ni ya nani. Nishani hii ya fedha ilichongwa. Nikaisimamisha kwa ukingo kama sarafu, nikalaza mwanga wa simu ubavuni mwake, nikaizungusha polepole. Zikatokea namba, cheo cha koplo, jina la babu kwa tahajia ya karani aliyesikia Kiswahili kwa sikio la Kizungu, kisha K.A.R. Tarakimu moja ilikuwa imelika kwa ule msuguo wa Alhamisi, haikujulikana kama ni 3 au 8. Tukaweka karatasi nyembamba juu ya ukingo na kupitisha penseli: bado. Mwisho tulitoa kile cheti kilicholiwa na mchwa. Kona iliyosalia ilikuwa na muhuri wa 1955 na tarakimu nne za mwisho za namba. Ilikuwa 8.

Mjukuu akauliza, "Kwa hiyo Burma ni uongo?"

Kupima hadithi ya Burma

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu halikuwa kwenye chuma. Nyota hazina jina, na watu waliziuza, walizirithi, walizibadilishana. Nikamwomba shangazi anieleze yote aliyosikia kwa baba yake kuhusu Burma, bila mimi kumwongoza. Nilifunga mdomo, nikaandika tu.

Akasema kwanza walipelekwa kisiwani kwenye minazi kama ya Pangani, wakakaa muda mrefu wakifundishwa vita vya msituni. Baadaye wakaingia kwenye bonde la matope ambamo mvua haikukatika, magari yalizama hadi milangoni, na chakula kilitupwa na ndege kwa miavuli. Askari walijishonea mashuka kwa vitambaa vya miavuli hiyo. Kila siku walipangwa mstari wameze vidonge vichungu mbele ya sajenti, na vidonge vile viliwageuza ngozi ikawa ya manjano, hata wakataniana kuwa sasa wamekuwa Wajapani. Halafu mto mkubwa, na juu yake daraja la chuma lililoelea, refu kiasi kwamba aliye mwanzo hamwoni aliye mwisho.

Shangazi hajawahi kusoma kitabu cha vita. Lakini kila alichosema kina mahali pake. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, Sri Lanka ya leo, tangu 1943. Kati ya Agosti na Desemba 1944 ilishuka Bonde la Kabaw kutoka Tamu wakati wa masika ya huko, ikihudumiwa kwa ndege. Vidonge ni mepakrini, dawa ya malaria ya jeshi zima la 14, lile la Waingereza huko Burma, na kweli vilifanya ngozi kuwa ya manjano. Kalewa ilichukuliwa tarehe 2 Desemba, na siku chache baadaye wahandisi wakaweka daraja la kuelea juu ya mto Chindwin lenye urefu wa futi 1,154, kama mita 350. Wakati huo hakukuwa na daraja refu zaidi la aina hiyo. Katika divisheni hiyo vikosi vya Tanganyika vilikuwa cha 26 na cha 36. Cha 46 kilikuwa Burma pia, lakini katika brigedi nyingine iliyopita njia nyingine. Daraja lile likatuelekeza kwenye vikosi viwili badala ya vitatu, na hapo tulikoma. Tukaandika "kikosi cha 26 au 36" bila kuona haya.

Ule utepe usio na nishani nao ulisema neno. Rangi yake ni ya chungwa katikati, kijani pande zote mbili, na mstari mwembamba mweusi ndani ya kila kijani: ni utepe wa Nishani ya Ulinzi, iliyotolewa kwa utumishi wa vita vile nje ya mstari wa mapigano, na askari wengi wa Burma wanayo. Shangazi alikumbuka kwamba watoto waliwahi kuchezea "shilingi kubwa ya baba" na ikapotea. Yeye mwenyewe alikuwa mmojawapo.

Kwa hiyo njia ya askari huyu ikawa hivi: jeshini mwaka 1942 au 1943, Ceylon, Burma, kurudi Mombasa kwa meli, kuachishwa 1946, kufungua genge na kufilisika, kurudi jeshini, Kenya, tepe mbili za koplo, kuachishwa tena 1955. Alikuwa na nyota mbili zisizo na jina ambazo alizisimulia maisha yake yote, na nishani moja yenye jina lake ambayo hakuisimulia hata siku moja.

Uamuzi wa kwanza: wakala wa madai

Hili lilikuwa rahisi, nami nalipita upesi. Nishani ya kampeni haina pesa nyuma yake. Haikuwa nayo kwa Mwingereza, haikuwa nayo kwa Mwafrika. Askari wa muda mfupi alipewa bakshishi yake siku ya kuachishwa, na hapo ndipo penye dhuluma ya kweli: kwa kila mwezi wa utumishi, askari Mwafrika wa Keya alihesabiwa kama theluthi moja ya aliyohesabiwa askari Mzungu wa cheo kile kile katika makoloni haya haya. Msaada ambao Uingereza ilitangaza mwaka 2018 kwa maveterani wa zamani wa makoloni ulikusudiwa wazee walio hai wenye shida na wajane wao. Wajukuu hawamo.

Nilimweleza mjukuu, akampigia wakala akiwa amekaa mbele yangu. Wakala alisema faili limeshafika London na linahitaji shilingi 200,000 nyingine. Mjukuu akaomba nakala ya barua yoyote yenye namba ya jeshi ya babu yake. Simu ikakatwa. Familia ilipeleka taarifa serikali ya mtaa, ila zile 350,000 hazikurudi.

Uamuzi wa pili: neno KENYA

Hapa palikuwa pagumu. Tanga na Mombasa ni majirani wa kuoana. Ukitoka hapa kwenda Horohoro, mpakani, ni mwendo mfupi. Familia hii ina mjukuu wa kike aliyeolewa Kenya, na mumewe si wa pwani. Ni mtu wa Nyeri. Bibi wa mume yule bado yu hai, na mwaka 1954 yeye na wanawe walitolewa shambani kwao wakawekwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, kama maelfu ya watu wa huko.

Mjomba mmoja alipendekeza nishani ya nne irudishwe kwenye mahameli na bango libaki kama lilivyo. Alisema marehemu mwenyewe aliificha, na kumfichulia ni kumkosea adabu. Hoja yake niliipima na bado naiheshimu. Mimi nilitoa maoni ya namna mbili. La kwanza: nishani inathibitisha kwamba alikuwa kwenye eneo la operesheni siku zisizopungua 91. Haisemi alifanya nini. Alikuwa koplo; huenda alilinda lori, huenda alipika, huenda alipiga risasi. Kumwita mtesaji kwa sababu ya herufi tano ni kukisia kule kule nilikokufanya usiku wa Jumatano. La pili: kumwita shujaa wa Abyssinia, mahali ambapo hakuna ushahidi kwamba alikanyaga, ni uongo ulioanzia kwangu, na niliomba niufute.

Kwa nini tuliamua kuzungumza kwanza na shangazi peke yake, kabla ya kikao cha familia? Kwa sababu yeye ndiye mtoto wake aliyebaki, na isingekuwa heshima asikie habari za baba yake pamoja na wakwe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho hakuwa amekisema tulipozungumzia Burma: kwamba mwaka 1961, redio ya jirani ilipotangaza Kenyatta ameachiwa, watu walishangilia mtaani, na baba yake aliinuka akatoka nje, akakaa chini ya mwembe hadi giza likaingia. Mama alimpelekea chakula huko huko, hakukigusa.

"Andika," akasema. "Ila msiipeleke kwenye gurupu. Huyo mtoto wa Nyeri aambiwe na mkewe, asisome kwenye simu."

Matokeo

Bango liliteremshwa. Mahali pake pana fremu ya mbao yenye nishani nne na ule utepe, zikiwa na karatasi ya mistari sita: alikoanzia, Ceylon, Burma kati ya Agosti na Desemba 1944, Kenya, cheo, mwaka wa kuachishwa. Neno shujaa halimo. Mjomba hakupendezwa, na hadi leo akija anakaa kiti kinachoipa fremu mgongo. Kile kitambaa cha mahameli kimekunjwa ndani ya mkebe; shangazi hakutaka kitupwe.

Mjukuu wa kike alimwambia mumewe ana kwa ana, na mume akaenda kumwambia bibi yake. Bibi hakukasirika, wala hakusema amesamehe. Aliuliza swali moja: "Alikuwa mahali gani?" Lilifika Tanga kwa simu, na hatukuwa na jibu.

Uchambuzi

Kosa langu la kwanza halikuwa kutojua. Nilikuwa na elimu yote iliyohitajika usiku ule: umbo la nyota, mwaka wa kufariki kwa mfalme, vyote. Nilichokosa ni kuomba picha ya upande wa pili. Nishani ina nyuso mbili na ukingo, na mchambuzi asiyeona vyote vitatu anyamaze. Tangu hapo nikiletewa picha najibu kwa ombi moja tu: nione mbele, nyuma, na ukingo wote ukizungushwa chini ya mwanga wa ubavuni. Sitoi neno kabla ya hapo hata kama kuna hitma kesho.

Kungoja hadi Jumatatu bado naona kulikuwa sahihi, ingawa kulikuwa na gharama: watu mia mbili waliondoka na habari ya Abyssinia, na wengine bado wanaisimulia. Ningeweza angalau kumwambia shangazi siku ile ile kwamba bango lina shaka. Nilijilinda mimi kuliko nilivyoilinda familia.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kumsikiliza shangazi bila kumpa maneno. Kama ningemuuliza, "Je, alikutajia daraja la Chindwin?", angesema ndiyo kwa adabu, na jibu lisingekuwa na uzito wowote. Vidonge vya manjano na miavuli ya ndege vilikuja vyenyewe, na ndivyo vilivyozipa nyota zisizo na jina mwenyewe. Masimulizi ya mdomo yana nguvu hasa pale yanapotaja kitu kidogo ambacho msimuliaji hana sababu ya kukibuni. Nyumbani kwetu watu hutunza vita vikubwa tu. Mjukuu alipokuwa mdogo aliambiwa babu alipigana "vita ya nyuki", yaani ile ya Tanga ya Novemba 1914, miaka kadhaa kabla babu hajazaliwa. Mji una vita vyake maarufu, na kila mzee mwenye sare huvutwa huko.

Usafi wa majivu na limau ulikaribia kutupotezea namba. Fedha yenye weusi haijaharibika, na ule weusi ndio ulioyalinda maandishi. Ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. Na cheti kilicholiwa na mchwa, ambacho mjukuu alikuwa ameshakiweka pembeni akichome pamoja na takataka za maandalizi ya hitma, ndicho kilichotatua 3 na 8.

Kuhusu Kenya, bado nawaza. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake kwa mateso ya wakati ule na kukubali kulipa wadai 5,228. Majuto yale yalisemwa na waziri bungeni. Koplo wa Tanganyika hakuwa na bunge; alikuwa na mwembe. Kwenye kikao cha familia nilijikuta natamani kumtetea kuliko ushahidi ulivyoruhusu, na mjomba, aliyetaka kuficha, alikuwa mkweli zaidi yangu kuhusu sababu zake. Mwenye kushika kazi ya namna hii ajue kwamba atampenda marehemu, na apime kila sentensi kwa kulijua hilo.

Mjukuu sasa anamrekodi shangazi kwa simu kila Ijumaa baada ya sala. Mwezi uliopita, wakizungumza habari nyingine kabisa, kalenda ya zamani yenye picha ya maporomoko ya maji, shangazi alisema baba yake aliwahi kuitazama kalenda ile na kutamka neno ambalo yeye alidhani ni jina la mtu: "Tomsoni." Thomson's Falls ndilo jina la kikoloni la Nyahururu, ukingoni mwa milima ya Nyandarua. Mjukuu amempelekea dada yake neno hilo moja, alifikishe kwa bibi.